Vitamutamu vya Pwani: Safari ya mapishi kutoka jiko moja hadi jingine

Dakika chache kabla ya adhana ya Magharibi katika mwezi wa Ramadhani, vichochoro vya Mji wa Kale, Mombasa, na vile vya Lamu hujaa watoto waliobeba sahani zilizofunikwa. Huyu anapeleka kaimati nyumba ya pili, yule anatoka huko na vipande vya mkate wa sinia, na mwingine amekabidhiwa sahani ya tambi za sukari pamoja na onyo kali asiiangushe. Kwa desturi ya wenyeji, sahani ya jirani hairejeshwi tupu. Itakaa siku moja au mbili, kisha itarudi ilikotoka ikiwa na kitu kingine juu yake.

Sahani hizo ndizo zilizosambaza mapishi ya vitamutamu vya pwani kwa vizazi vingi. Aliyeonja kaimati za jirani na kuzipenda, kesho yake huuliza zilivyopikwa. Hujibiwa kwamba atie unga kiasi, tui kiasi na hamira kidogo, aupigepige mpaka ukae sawa, kisha auache uumuke. Naye huenda kwake, akatia kiasi anachokijua yeye, na kinachotoka katika karai ni vidonge vigumu mithili ya kokoto. Hapo ndipo shuku inapoingia kati ya nyumba mbili: kwamba mwenzake amemficha kitu.

Wapo wanaoficha, na jambo hilo si siri. Lakini aghalabu shuku hiyo huwa ya kuonea. Mpishi aliyekaanga kaimati kwa miaka thelathini hajui kwamba anajua mengi anayoyaacha bila kuyasema. Anataja vitu vinavyoingia katika bakuli, ilhali bakuli lenyewe, ukubwa wa kikombe, nguvu ya makaa, joto la siku ile na dalili anazoziangalia kabla ya kutia mkono hazimpitikii akilini kuzitaja. Maelekezo yanavuka ukuta yakiwa nusu, na nusu nyingine hubaki jikoni.

Kabla ya kuingia katika vipimo, inafaa kulitazama jina. Katika shule na mahoteli ya Kenya, chakula kitamu cha kumalizia mlo huitwa kitindamlo, neno lililoundwa vizuri kutokana na kutinda, yaani kukata au kukomesha, kama lilivyo kitindamimba. Tatizo ni kwamba pwani vitamutamu havitindi mlo wowote. Kaimati huwekwa mezani pamoja na uji na tende wakati wa kufuturu, kabla ya chakula kizito. Visheti na vileja huandamana na kahawa chungu alasiri. Mkate wa mayai hukatwa kwa ajili ya mgeni, saa yoyote atakayobisha hodi. Kwa hiyo neno vitamutamu, japo lina sauti ya kitoto, ndilo linalokaa sawa hapa.

Majina mengi yanadokeza safari ndefu zaidi ya ile ya kichochoroni. Kaimati ni ndugu wa luqaimat, ambazo hadi leo hupikwa Oman na nchi nyingine za Ghuba, na maana ya neno hilo la Kiarabu ni matonge madogo. Hamira, zabibu, lozi na sukari ni maneno yaliyopitia njia hiyo hiyo. Halwa nayo ni ya ukoo huo, lakini haimo katika mazungumzo haya kwa sababu moja muhimu: haipikwi nyumbani ila kwa nadra. Ni kazi ya sufuria kubwa, wanga, sukari, samli na mikono ya kukoroga kwa saa nyingi, na wanaoipika huiuza. Mwuza halwa anapoificha siri yake analinda riziki, wala hapana wa kumlaumu. Jirani anayebadilishana sahani yuko katika mapatano mengine kabisa.

Kiasi ni kiasi gani?

Zamani pwani ilikuwa na vipimo vyake vilivyoeleweka na wote. Nafaka ilipimwa kwa kibaba na pishi, vibaba vinne vikiwa pishi moja, na vitu vya thamani vilipimwa kwa wakia na ratili. Vipimo hivyo vilipotoweka sokoni, jikoni nafasi yao ilichukuliwa na chochote kilichokuwapo: kikombe cha chai, glasi, kopo la maziwa, mkebe wa Kasuku. Kila nyumba ina kikombe chake, na kila mpishi hukiita kikombe tu, kana kwamba dunia nzima ina kimoja.

Hata vitabuni vikombe havilingani. Kikombe cha vitabu vya Marekani hujaa mililita 237, kile cha vipimo vya meta ni mililita 250, na nusu painti ya Kiingereza, iliyotumiwa kama kikombe katika vitabu vya zamani, ni mililita 284. Kati ya kile kidogo na kile kikubwa pana tofauti inayokaribia sehemu moja kwa tano. Unga wa ngano huongeza utata wake: ukichotwa kwa kuzamisha kikombe katika mfuko hushindiliwa na kufikia gramu 150, lakini ukimiminwa taratibu kwa kijiko huwa gramu 120 hivi. Watu wawili wanaweza kutumia kikombe kile kile, wakasoma karatasi ile ile, na bado wakatofautiana.

Mkate wa mayai unaonyesha vizuri jinsi tofauti hizo zinavyoumiza. Huo ni mkate wa vitu vitatu tu, mayai, sukari na unga, pamoja na iliki ya kunukiza na zabibu za kupamba juu. Hauna siagi wala hamira. Kinachouinua ni hewa iliyonaswa ndani ya mayai yanapopigwa pamoja na sukari, nayo hewa hiyo hutanuka inapopata moto. Maelekezo ya kawaida husema mayai sita, sukari kikombe kimoja na unga kikombe kimoja. Mayai gani? Yai dogo la kuku wa kienyeji linaweza kuwa na uzani wa gramu 40, na lile kubwa la dukani gramu 60. Katika mayai sita tofauti hiyo ni gramu 120, sawa na mayai mawili ya dukani. Mpishi mwenye kuku wake uani, akifuata maelekezo ya jirani anayenunua trei dukani, atakuwa amepika mkate wa mayai manne bila kujua, nao utakuwa mkavu na mzito.

Yapo mambo mengine mawili ambayo mwenye kuuzoea mkate huu hayasemi. La kwanza ni muda wa kupiga. Mayai na sukari hupigwa mpaka rangi igeuke kutoka manjano hadi kuwa karibu nyeupe, na ukiinua mwiko, kinachodondoka kiandike mstari juu ya kilichomo bakulini na mstari huo ukae kidogo kabla ya kuzama. Kwa mkono kazi hiyo yaweza kuchukua nusu saa, na kwa mashine dakika kumi hivi. Anayeambiwa "piga mayai" tu, hupiga kama anayetaka kukaanga kimanda. La pili ni unga: hautiwi wote kwa pamoja na kukorogwa, bali huchekechwa juu kidogo kidogo na kugeuzwa kwa mkono mwepesi, ili hewa iliyotafutwa kwa jasho isitoroke.

Mkate wa sinia

Mkate wa sinia, ambao Zanzibar na kwingineko huitwa mkate wa kumimina, ndio unaovunja nyoyo za wengi. Jina hilo la pili ni maelekezo tosha kwa anayelisikiliza. Mchele hauna ule unamunamu ulio katika ngano unaoufanya unga ukandike na kuvutika, kwa hiyo mkate wake haukandwi, humiminwa.

Kwa mkate mmoja wa nyumbani, vikombe viwili vya mchele hulowekwa usiku kucha, vikachujwa maji, kisha vikasagwa pamoja na kikombe kimoja na nusu cha tui zito, kijiko kimoja cha chai cha hamira na iliki iliyotwangwa. Hapo zamani kusaga kulikuwa kazi ya kinu na mchi. Siku hizi ni blenda, na hapo ndipo penye kosa la kwanza, maana watu huizima mapema. Rojo likisuguliwa kati ya vidole viwili halifai kuwa na chembe hata moja. Sukari, robo tatu ya kikombe au zaidi kwa wanaopenda tamu, hutiwa na kuchanganywa, kisha rojo hufunikwa na kuachwa liumuke mpaka litoe povu la vitundu juu. Mwishoni huongezwa ute wa yai moja uliopigwa.

Rojo likiwa jepesi mno, mchele huzama na kufanya tabaka gumu chini, na mkate ukikatwa huwa na sakafu kama ubao. Likikorogwa kwa nguvu baada ya kuumuka, hewa hutoka na vile vitundu vinavyosifiwa havionekani. Ute wa yai nao una masharti yake: tone la kiini au mafuta katika bakuli huuzuia usiinuke, hata ukipigwa hadi usiku.

Katika sehemu za pwani, kabla ya hamira ya pakiti kuenea madukani, unga wa mchele uliumuliwa kwa tembo la mnazi lililogemwa karibuni, ambalo lina chachu yake ya asili. Kwa sababu za dini na za urahisi pakiti ilishinda. Jambo hilo linafaa kukumbukwa na kila anayedai kuwa mapishi ya bibi yake hayajawahi kuguswa.

Kisha kuna moto. Mkate wa sinia na ule wa mayai iliokwa juu ya seredani, chombo kikiwa na makaa machache chini na mengi zaidi juu ya kifuniko cha bati. Moto wa chini unaivisha, wa juu unapaka rangi. Anayetumia oveni hupata matokeo ya karibu kwa nyuzi 180 za Selsiasi. Asiye na oveni wala bati la makaa hupasha mchanga ndani ya sufuria kubwa na kuweka chombo chake humo, mbinu inayotumika mitaani Nairobi na Kisumu kuokea keki za siku ya kuzaliwa. Mkate hutoka umeiva, ila uso wake hubaki mweupe, na jirani aliyeelekezwa hivyo husema amedanganywa kuhusu rangi.

Ndimu moja

Kama kuna kitu kimoja ambacho kweli husahaulika, au husahauliwa kwa makusudi, ni ndimu. Shira ya kaimati ni sukari na maji yaliyochemshwa pamoja, kwa kawaida vipimo viwili vya sukari kwa kimoja cha maji, na iliki au zafarani. Ikipoa, sukari ina tabia ya kurudi kuwa chembe. Matone machache ya ndimu yakitiwa inapochemka, asidi huivunja sehemu ya sukari na kuizuia isigande, shira ikabaki laini na yenye kung'aa.

Sasa inategemea mpishi anataka nini. Kwa kaimati zinazoelea katika shira, ndimu ni ya lazima. Kwa visheti, ambavyo huvikwa sukari nyeupe iliyokauka, ndimu ni adui: sukari haitashika, na visheti vitanata mikononi mpaka kesho. Mwanamke anayepika visheti tu, akimweleza shira yake jirani anayetaka kaimati, hataitaja ndimu kwa sababu haijui. Hakumficha mtu chochote, lakini urafiki wa miaka mingi umewahi kuingia doa kwa vitu vidogo kuliko hivyo.

Kutoka pwani kwenda bara

Mapishi yanapopanda reli au basi kuelekea bara hukutana na jambo ambalo hata mpishi mwangalifu hawezi kulikisia akiwa Mombasa. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Eldoret zaidi ya mita 2,000. Kadiri mtu anavyopanda ndivyo kani ya hewa inavyopungua, na maji ambayo Mombasa huchemka kwa nyuzi 100 huchemka Nairobi kwa nyuzi 94 hivi.

Athari zake jikoni ni nyingi. Keki huinuka haraka kabla unga haujashika, kisha hubonyea katikati. Maji hukauka upesi zaidi na kuacha sukari imekolea. Shira iliyopimwa kwa kipimajoto cha nyuzi zilizotajwa na mtu wa Mombasa itakuwa imepitiliza, kwa sababu vituo vyote vimeshuka kwa takriban nyuzi sita. Heri dalili ya kale ya kuivuta kati ya kidole gumba na cha shahada na kuutazama uzi wake, maana uzi haujali mwinuko. Kwa keki za kawaida zinazotiwa beking pauda, mpishi wa bara huanza kwa kupunguza beking pauda kwa robo hivi, akapunguza kijiko kimoja cha mezani cha sukari katika kila kikombe, na kuongeza vijiko viwili vya maziwa au maji. Mayai ya mkate wa mayai nayo yasipigwe hadi mwisho kama ilivyo pwani.

Hamira hukumbana na jambo jingine. Unga wa mahamri ulioumuka kwa saa moja Malindi unaweza kuhitaji mara mbili ya muda huo Limuru mwezi wa Julai. Anayefuata saa badala ya kuutazama unga ukifura maradufu atakaanga mawe. Pengine ndiyo maana bara limeizoea ile mandazi ya beking pauda isiyohitaji kungojewa, ambayo watu wa pwani huikubali kwa adabu na kukataa kuiita mahamri.

Tahadhari ndogo ni ya mfuko wa unga. Madukani kuna unga wa ngano mtupu na ule uliokwisha kutiwa kiumuzi. Mwenye kutoa maelekezo asipotaja ni upi, mpokeaji atatia beking pauda juu ya beking pauda, na keki itapanda, ikamwagika, kisha ikaacha ladha chungu ulimini.

Sahani inapovuka dini na maradhi

Majirani wa siku hizi, hasa katika mitaa ya Nairobi na Mombasa, hawali vitu vile vile. Arki ya vanila ya asili hutengenezwa kwa kileo, na baadhi ya Waislamu huiepuka. Kuna za aina nyingine zisizo nacho, na kibandiko cha chupa husema. Jelatini ya kugandishia vitamutamu vya maziwa yaweza kuwa ya nguruwe au ya ng'ombe ambaye hakuchinjwa kwa utaratibu wa Kiislamu. Baadhi ya familia za Kihindi hazigusi mayai. Kuuliza kabla ya kupika si utovu wa adabu, na mwenye kuulizwa huhisi ameheshimiwa.

Karanga na lozi ni jambo zito zaidi. Kuna watu ambao kipande kidogo cha karanga huwafungia pumzi, na unga wa lozi ndani ya keki hauonekani kwa macho. Sahani yenye kashata za karanga inajieleza; keki iliyosagiwa lozi haijielezi, hivyo mtoto anayetumwa atumwe na maneno pia. Vivyo hivyo kwa jirani mwenye kisukari, ambaye mara nyingi hupokea sahani kwa kuona haya kuikataa. Kumpunguzia sukari bila kumwambia hakumsaidii, kwa sababu wanga wa mchele na wa ngano nao huishia kuwa sukari mwilini. Tui nalo huchacha haraka katika joto la pwani, na mkate wa sinia uliobaki ni wa kuliwa kesho yake, si wa kutunzwa kabatini juma zima.

Daftari la jikoni

Kuandika mapishi ya majirani si jambo geni nchini. Katika miaka ya 1920, wanawake wa kanisa la St Andrew's, Nairobi, walikusanya maelekezo yao na kuyachapisha katika kitabu cha upishi cha walowezi wa Kenya, kilichoendelea kuchapwa upya kwa miongo mingi. Ni kitabu cha watu wachache, kilichoandikiwa wao kwa wao, lakini kimedumu kwa sababu mtu alikaa akaandika. Na mwaka wa 2021, UNESCO iliorodhesha kazi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya kiasili miongoni mwa mifano bora ya kulinda urithi. Kazi hiyo ilianzia kwenye mboga za kienyeji, na ilionyesha kuwa maarifa ya jikoni yanaweza kukusanywa kutoka kwa walio nayo wangali hai. Vitamutamu vya pwani vinastahili juhudi kama hiyo, na hakuna sababu ya kungoja shirika lolote.

Njia rahisi haianzi kwa maswali. Mpishi mkongwe akiulizwa anatia unga kiasi gani, atasema kiasi, na atakuwa amesema kweli. Afadhali kupeleka mizani jikoni kwake. Mfuko wa unga hupimwa kabla hajaanza na baada ya kumaliza, vivyo hivyo sukari, na tui hupimwa katika jagi lenye mistari kabla hajalimimina. Yeye aachwe apime kwa jicho kama kawaida yake, bila kusimamishwa kila mara. Saa huandikwa rojo lilipofunikwa na lilipofunuliwa. Kila anapotazama kitu na kusema bado, anayeandika aulize ameona nini, na jibu liandikwe kwa maneno yake mwenyewe, hata kama ni "halijacheka".

Kisha anayeandika aende akapike kwake peke yake, kwa karatasi ile, na kumpelekea mwenyewe kipande aonje. Atakachosema kuwa kimepungua ndicho kilichoachwa nje ya maandishi. Kiongezwe pembeni kwa kalamu ya rangi nyingine, pamoja na jina la aliyetoa mapishi, mtaa wake na kipimo cha kikombe chake kwa mililita.